Mbio Ulizosema Utakuja Kuziona

Baba,

Leo sikusalimii. Ulitulea tukijua kwamba mtoto wa kike akimkuta baba yake asubuhi anapiga magoti, anainamisha macho, anasema "Mwangaluka, baba," kisha anasubiri mpaka aitikiwe. Nimeyapiga magoti hayo tangu nijue kutembea. Leo hata ningetaka nisingeweza, maana yamevimba yote mawili, kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi, na kuchuchumaa chooni kumekuwa vita. Lakini ukweli ni kwamba sitaki. Nimekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha vile ulivyokuwa hupendi, na ninakuandikia nikiwa na hasira.

Nimemaliza, Baba. Marathoni nzima, siyo nusu. Nimetoka Bariadi mjini, nikafuata lami ya kwenda Lamadi mpaka karibu na Dutwa, nikageuka, nikarudi Bariadi kwa miguu yangu mwenyewe. Sikuwa wa kwanza wala wa kumi. Walionitangulia walikuwa wameshaoga na kula wali. Lakini nimemaliza, na wewe hukuwepo, na hilo ndilo nililokaa hapa kukusema.

Watu wananiambia kwamba unaniona. Padri kaniambia, shangazi kaniambia, hata yule dada aliyenipa namba ya kubandika kifuani alipoona jina la ukoo akaniuliza kama ni binti yako, kisha akasema, "Basi mzee anakuangalia kutoka juu." Ninaitikia kwa adabu. Moyoni ninachemka. Ulipokuwa huku chini, una macho mazima na baiskeli nzima, hukuja kuniangalia hata siku moja. Huko juu umeipata wapi hamu hiyo?

Au umesahau lile lori? Mimi sijasahau. Nilikuwa darasa la sita, nimechaguliwa kwenda kukimbia michezo ya mkoa. Nilikuwa nimeshapanda, nimevaa bukta ya kuazima, niko katikati ya wenzangu tunaimba. Ukaja, ukaiegemeza baiskeli yako kwenye tairi la lori, ukaita jina langu mara moja tu. Mwalimu akashuka kukubembeleza. Ukamjibu kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu: "Mtoto wa kike hakimbii. Anayekimbia ni mwizi na ng'ombe. Huyu wangu ni yupi kati ya hao?" Lori zima likacheka. Nikashuka nikiwa nimeshikilia ile bukta kiunoni kwa sababu ilinipwaya, nikakaa nyuma ya baiskeli, ukanirudisha nyumbani.

Jioni ileile ndama alikata kamba, na ukanituma mimi nikamkimbize! Nikamkimbiza mpaka ng'ambo ya korongo, nikamkamata, nikamrudisha. Hukuona kichekesho chochote. Ulisema, "Mfunge vizuri," ukaingia ndani kula.

Basi nikaacha kukimbia miaka mingi. Nikaolewa, nikaachika, nikapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na siku moja tu, sijui nini kilinipata, nikavaa raba nikatoka alfajiri kabla ya zamu. Unajua jinsi watu wa kwetu walivyo. Mwanamke mzima akionekana anakimbia barabarani, lazima kuna msiba. Wenye baiskeli walikuwa wananifuata wakiniuliza, "Mayu, mama, umefiwa wapi? Panda nikuwahishe." Nikisema sijafiwa, nakimbia tu, wananitazama kwa huruma zaidi. Mmoja aliona nimechanganyikiwa, akaja mpaka kwako kukupa pole. Nasikia ulimjibu kwamba humjui huyo mwanamke. Sawa. Hilo nalo nimeliweka moyoni.

Halafu ukafanya kitu kibaya kuliko vyote. Ukanipa tumaini.

Ilikuwa msimu wa pamba uliopita, pale Dutwa, kwenye duka la Mzee Kondo la spea za baiskeli. Kondo alikuwa mtani wako, Mzaramo kwa Msukuma, na mlikuwa mnatukanana kila mkikutana mpaka wageni wanataka kuamulia ugomvi. Alikuchokoza kwamba nimejiandikisha marathoni nzima, na kwamba nitafika Bariadi wewe ukiwa bado unatafuta kiatu cha kushoto. Watu wakacheka. Na wewe, badala ya kumtukana, ukasema, "Akimaliza, nitasimama pale pale barabarani niseme mbele ya watu kwamba nilikosea." Kondo alifunga duka mchana huo akaja kiwandani kuniambia. Nilikuwa nimefunikwa nyuzi za pamba kichwa kizima, nikamwambia arudie. Akarudia. Nikaenda kulia nyuma ya marobota.

Kuanzia hapo kila nilipokimbia nilikuwa nakukuta mbele, umesimama kando ya lami na kofia yako, unakohoa kama unavyokohoa ukitaka kusema jambo zito. Hiyo ndiyo ilikuwa mbio yangu, Baba. Medali wakae nayo wenyewe. Nilitaka uone kwa macho yako, halafu useme kwa mdomo wako, watu wakisikia kama walivyosikia siku ya lori.

Ukafa. Tuko shambani tunapalilia, ukakaa chini kwenye mstari, ukalala ubavu. Daktari akasema presha, akauliza kama ulikuwa unameza dawa. Mama akaapa kwamba ulikuwa unameza, alikuwa anakupa maji kwa mkono wake. Baada ya matanga tukazikuta kwenye kopo la misumari, vidonge vya miezi na miezi, vimeanza kushika kutu ya misumari. Ulikuwa unavificha shavuni kama mtoto! Mzee mzima, mwenye wajukuu. Tulikuuliza kila Jumapili, na kila Jumapili ulitujibu, "Namezameza." Najua hakuna mtu anayekufa ili akwepe kuomba radhi. Lakini kwa ubishi wako nilioujua, wewe nakushuku.

Na kwenye mazishi hukuniacha hata nilie vizuri. Kondo alikuja na utani wake. Alikaa juu ya udongo wa kaburi akakataza mtu yeyote kushika koleo mpaka apewe jogoo. Akachukua koti lako na fimbo yako, maana mtani ana haki hiyo, akaanza kuchechemea kama ulivyokuwa unachechemea tangu ng'ombe wa plau akukanyage, akawa anawafokea waombolezaji kwa sauti yako, "Nani kawaambia mje kula ugali wangu?" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilimchukia. Nilitamani nimsukumie shimoni.

Mdogo wangu Mabula naye akafanya yake. Alichapisha Mwanza fulana za msiba zenye picha yako, ile uliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho, umekunja uso kana kwamba mpiga picha ana deni lako. Chini yake akaandikisha: Daima Utakuwa Nasi. Daima! Ulipokuwa hai, kukupata kwa nusu saa ilikuwa mpaka mvua inyeshe. Na siku ya mbio akaamua kwamba ukoo mzima uvae fulana hizo, wajipange barabarani, ili niwaone kwa mbali nisikose nguvu. Mimi yangu niliikataa. Mabula alinuna mpaka masikio.

Basi nilikuona, Baba. Nilikuona kila mahali. Tunatoka mjini tu, jua halijapanda, nikakukuta kwenye kifua cha shangazi Kashinje. Unalijua lile umbo la dada yako. Ulikuwa umevutwa kushoto na kulia mpaka ukaonekana unatabasamu. Hujawahi kunitabasamia hivyo maisha yako yote, na nililazimika kupita hapo huku shangazi anapiga vigelegele, anarukaruka, na wewe unaruka naye. Mbele kidogo nikakukuta tena, uko kwa wajomba waliotoka Shishiyu wamekodi gari, wanagonga majembe kwa chuma kama tunavyogonga kwenye kilimo cha ujamaa. Halafu kwa watoto wa Mabula, umewafika magotini. Watu nisiowajua walikuwa wanauliza huyo mzee ni nani, anagombea nini. Nilikimbia nikiwa nimekasirika tangu mwanzo, na nikaenda kasi isiyokuwa yangu. Hilo pia ni kosa lako.

Kosa la shangazi lilikuwa maziwa. Alikuwa amepanda pikipiki kunitangulia, na nilipogeuka karibu na Dutwa nikamkuta amesimama na kikombe kikubwa cha maziwa mgando, amekishika kwa mikono miwili. "Kunywa mwanangu, haya ndiyo yaliyowakuza kina babu yako." Wengine walikuwa wanapewa maji na vipande vya chungwa. Ungekuwa wewe ungekataa? Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, kutoka mkononi mwa shangazi, mbele ya watu? Niliyanywa yote nikamshukuru. "Wabeja, shangazi." Nikaenda nayo tumboni yakicheza ngoma, jua limeshakuwa kali, lami inanichoma nyayo.

Yalirudi njiani, mahali ambapo hakuna hata kivuli cha mti. Nilitapika mpaka nikaishiwa, nikajaribu kusimama, miguu ikakataa, nikakaa chini ukingoni mwa lami. Gari la Mabula likafika. Wakashuka wote na wewe vifuani mwao. Walinizunguka, wakawa wananipepea kwa khanga, wananimwagia maji kichwani. "Inatosha, dada, hapa ulipofika ni mbali." "Baba amekuona, binti, ameridhika." "Mwinueni tumpakie." Sauti zao zilikuwa za upendo, Baba, siwalaumu, lakini kila neno lilinizamisha zaidi chini. Mama alikuwa pembeni. Alinishikia mwavuli tu, anatazama upande wa Dutwa. Na mimi nilikuwa nimeshakubali. Mkono wa Mabula ulikuwa tayari kwapani mwangu.

Ndipo nikaona kiatu chako. Hapana, kilikuwa cha Kondo, lakini kilikuja kama chako, kinaburuta. Alikuwa amevaa koti lako kwenye jua lile, kofia imeshuka usoni, fimbo mkononi. Akawagonga kwa fimbo wampishe. Akanitazama kuanzia miguuni, kama ulivyokuwa unafanya, akakohoa, akasema kwa sauti yako, yako kabisa, hata Mabula aliruka: "Nilisema mimi. Mtoto wa kike hakimbii. Mabula, mpakie dada yako akapike, watu wana njaa."

Shangazi akashika mdomo. Mabula akataka kumkunja, wajomba wakamzuia, mtani hapigwi. Na mimi nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nilisimama nikakujibu, Baba, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nizaliwe.

Nilikwambia, "Nilikuwa mtoto! Ulinishusha mbele ya shule nzima!" Nilikwambia, "Na yule ndama? Nani alimkamata ndama? Mwizi au ng'ombe?" Nilikwambia, "Ulimwambia mtu kwamba hunijui! Ulisema utakuja, uko wapi? Tumeviona vidonge vyako kwenye kopo! Ulimdanganya Mama maji yakiwa mdomoni!" Nilipiga kelele mpaka wenye baiskeli wakasimama, mpaka wakimbiaji wawili wa nyuma yangu wakatembea kwa heshima wakidhani ni ugomvi wa kweli. Na ulikuwa wa kweli. Mate yalinitoka. Nilikunyooshea kidole.

Kondo aliacha kuchechemea. Fimbo ikashuka. Akajaribu, kwa sauti yako lakini chini sana: "Basi, mwanangu. Mimi nili..."

Nikamkatisha. Nilimwambia, "Hapana, Mzee Kondo. Hilo usiseme. Kumwigiza anavyotukana ni haki yako, alitukana, tulimsikia. Hilo hakulisema. Hawezi kusemewa." Akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe, nikagundua kwamba naye amezeeka mwaka huu. Akaniambia kwa sauti yake mwenyewe, ya kipwanipwani, "Haya mama. Nenda basi, watu wanakupita." Alikuwa analia.

Nikaenda. Sikukimbia vizuri, nitakuwa mkweli. Nilikimbia kidogo nikatembea, nikatembea nikakimbia, nikawatukana wote walioniambia "karibu unafika". Lakini barabarani hukuwepo tena. Nilitazama kando ya lami, pale nilipozoea kukukuta na kikohozi chako, nikaona mbuzi, na pamba za watu zinazosubiri kuvunwa. Nilijisikia vibaya sana, kisha nikajisikia mwepesi, kisha nikakasirika kwa kujisikia mwepesi. Hivyo hivyo mpaka mjini.

Pale mwisho mtangazaji alikuwa ameshapewa maneno na Mabula. Akatangaza kwenye spika kwamba ninayeingia ni binti aliyekimbia kwa ajili ya marehemu baba yake mpendwa, aliyemtia moyo tangu utotoni. Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Nilimfuata, Baba, nikiwa sijavuta hata pumzi, nikamwomba kipaza sauti. Alidhani nataka kushukuru. Nikasema, "Baba yangu alinikataza kukimbia. Alisema atakuja kukiri kwamba alikosea, akafa. Nimekimbia kwa sababu naweza." Nikamrudishia. Mama mmoja wa kuuza karanga akapiga kigelegele kirefu sana, na wanawake wengine wakampokea.

Mabula amenuna tangu jana. Anasema nimekuaibisha kaburini. Labda. Wewe uliniaibisha nikiwa hai, nina bukta ya kuazima.

Lakini kuna jambo hujui, na hili ndilo linaniuma kuliko lori. Jana jioni Mama aliniwekea maji ya moto na chumvi kwenye beseni, akaniosha miguu. Nilikataa, akanipiga kofi la paja kama mtoto. Akawa anaosha, ananiambia kwamba yeye ndiye aliyemtuma Kondo na koti. Alisema, "Nilijua huruma haiwezi kukuinua wewe." Halafu akasema, bila kuinua kichwa, kwamba enzi zile nikikimbiza ng'ombe alikuwa anaacha jembe, anasimama katikati ya mahindi kuniangalia. Kila siku. "Ulikuwa unakimbia vizuri sana. Nilikuwa naona kama ni mimi." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akacheka kidogo, akasema, "Ningekuambia, halafu baba yako ningemwambia nini?"

Kumbe Mama alikuwa anawashinda mbio kaka zake wote Shishiyu, kabla hujamwoa. Ulijua? Nafikiri ulijua. Nafikiri ndiyo maana.

Miaka yote nilikuwa nageuza shingo kukutafuta wewe, na aliyekuwa ananitazama alikuwa nyuma yangu ameshika jembe. Siwezi kukueleza jinsi nilivyokukasirikia usiku wa kuamkia leo. Ulinishusha mimi kwenye lori, kumbe yeye ulikuwa umeshamshusha zamani, wala hakukuwa na mwalimu wa kukubembeleza.

Kwaheri, Baba. Kaburi lako nitalipalilia kabla ya mvua, nyasi hazina kosa. Kukusamehe bado, wala asije mtu kunihimiza. Nakukumbuka kila nikisikia mtu anakohoa, na hilo nalo linaniudhi.

Ila nakuahidi jambo moja. Leo asubuhi Mama ameniuliza kama zile mbio fupi za mwishoni, wanazokimbia wamama wa mjini, zinamruhusu mtu mwenye umri wake. Nimemwambia zinamruhusu. Ameshajaribu raba zangu, zimemwenea, na wakati ninakuandikia haya yuko nje anazunguka zizi, kitenge amekikunja mpaka magotini, anacheka peke yake. Mwakani nitakimbia naye kwa mwendo wake, mwanzo mpaka mwisho.

Ukitaka kumkataza, amka uje.

Mwanao,
Minza